Fundi Hasemi Kiuno

Bwenini, 14 Januari

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii inawakuta salama, wewe na Mama, na kwamba goti lako limepunguza kelele. Mimi ni mzima, ila nina kikohozi kidogo cha vumbi la chaki kwa kuwa wamenikalisha mstari wa mbele kabisa.

Mama ameniandikia kwamba daktari amekataa kukupasua goti mpaka upunguze kilo kumi, na amekupa hadi mwisho wa Juni. Ukishindwa, nafasi yako anapewa mwingine nawe unasubiri mwaka mzima. Baba, mwaka mzima bila goti la kulia, na cherehani yako ni ya kukanyaga! Utashona kwa mkono kama mtu anayeziba gunia?

Kwa hiyo nimefurahi kusikia umejiunga na ile jim ya bei chee iliyofunguliwa Agosti juu ya duka la rangi, mkabala na kibanda chako. Najua unayadharau mambo hayo. Nakuomba uvumilie. Niandikie kila unachokiona huko, na katika kila barua uandike kipimo cha kiuno chako, kwa tepu yako mwenyewe. Mizani inaweza kudanganya, lakini tepu ya fundi haidanganyi.

Jambo moja dogo. Nimempa katibu wa shule anayekuja mjini sketi yangu ya shule akuletee. Imenibana. Nadhani imesinyaa kwa sabuni kali ya huku. Naomba uiangalie ukipata nafasi.

Msalimie Mama.

Binti yako,
Profesa

*

Kibandani, 29 Januari

Kwako Profesa wangu,

Marahaba, mama. Sisi wazima. Goti nalo linakusalimu, linalia kama mlango wa stoo. Kunywa maji ya moto, kikohozi kitaisha.

Uliomba nikueleze nilichokiona, basi kaa vizuri. Kwanza kuna ngazi ishirini na mbili. Mtu mwenye goti bovu anapandishwa ngazi ishirini na mbili ili akatibiwe goti. Nikifika juu nimeshachoka kiasi cha kutosha, ningeweza kugeuka nirudi kazini. Huko juu kuna mikanda minane ya kukimbilia. Watu wazima, wenye akili zao, wanakimbia saa nzima wakitazama ukuta, na wakishuka wako palepale walipopandia. Nilimsimulia mama yako. Akasema, "Wanalipa ili wachoke? Waje hapa, nina ndoo sita za kuwachosha bure."

Na hawasalimiani. Kila mmoja ana vidude masikioni. Siku ya kwanza nilitoa salamu, ikaanguka sakafuni kama kifungo, hakuna aliyeiokota.

Lakini kichekesho chenyewe ni Ijumaa. Ijumaa jioni meneja anaweka meza ndefu katikati ya mashine na kuijaza donati, piza na chipsi. Bure, kwa kila mwanachama. Anaiita Ijumaa ya Shukrani. Walewale waliokuwa wakitokwa jasho dakika tano zilizopita wanapanga foleni kama watoto wa chekechea. Karani wa benki alikuwa na donati mkono wa kushoto na chuma mkono wa kulia, sikudanganyi. Nikamuuliza meneja, "Ndugu yangu, hii ni jim au ni arusi?" Akacheka mpaka fizi zikaonekana. "Kula, fundi! Jumatatu utakuja kuitoa."

Mimi nilikunywa maji.

Kiuno, inchi 44. Sketi nimeirekebisha, imo ndani ya kifurushi hiki. Mama yako ameongeza soksi.

Baba yako

*

Bwenini, 10 Februari

Shikamoo Baba,

Hamjambo huko? Mimi sijambo, kikohozi kimekwisha. Sketi inanikaa vizuri sasa, asante sana. Nilijua ni sabuni.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara dharau yangu imepanda daraja. Jim inayogawa donati! Ni sawa na kituo cha zimamoto kinachogawa viberiti kila Ijumaa. Meneja huyo si mjinga, na hilo ndilo linalonichefua. Anajua kwamba mteja akishapungua hatamhitaji tena, basi anamnenepesha kwa mkono mmoja na kumkimbiza kwa mkono wa pili, ili mkanda usisimame.

Wanachama nao siwaonei huruma. Mtu mwenye mshahara na ufunguo wa nyumba yake anaongozwa na kipande cha unga kilichopakwa sukari! Mtu asiyeweza kuipita meza hana haja ya mashine, ana haja ya akili.

Sasa nisikilize, Baba. Klabu yetu ya midahalo imepewa hoja isemayo: "Jim za bei nafuu zisiwape wanachama wake vyakula vya anasa." Hoja niliipendekeza mimi, kwa maandishi, bila kuweka jina. Lakini mwalimu wa klabu anaujua mwandiko wangu, na amenifanya mzungumzaji mkuu. Unanijua. Hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni huwa nasubiri mpaka mwingine aombe. Nikisimama bila kitu kizito mkononi, sauti itanikimbia.

Wewe unacho kitu hicho. Nusu ya wanachama wa jim ile ni wateja wako, na vipimo vyao vimo kwenye daftari lako, vya kabla ya Agosti na vya sasa. Hakuna maktaba yenye ushahidi kama huo. Nipe watatu tu.

Na cha kwako, usisahau.

Binti yako,
Profesa

*

Kibandani, 2 Machi

Kwako Profesa,

Marahaba. Sote wazima, mama yako ana mafua ila hayajamziba mdomo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ulichoomba si kidogo. Babu yako aliponifundisha kazi, kabla hata hajaniruhusu kushika sindano, alinifundisha jambo moja: fundi hasemi kiuno. Unapima, unaandika, unafunga daftari. Husomi namba kwa sauti. Mke akiuliza cha mumewe, husemi. Mume akiuliza cha mkewe, unajifanya umemeza pini. Miaka ishirini na sita nimefanya hivyo, na ndiyo sababu watu wanaonivulia koti hawanioni kama mtu, wananiona kama kioo.

Lakini ni kwa ajili ya masomo, na najua mdomo wako ni mzito kuliko wangu. Majina siandiki. Mwalimu wa hesabu: alikuwa 36, sasa 39. Karani wa benki: 38, sasa 40 na nusu. Mwenye duka la viatu: 42, sasa 44. Zisitoke nje ya chumba cha mdahalo. Nakuamini.

Jambo la pili. Nilimbana meneja kuhusu ile meza. Nikamwambia maneno yako ya zimamoto na viberiti. Akacheka tena, maana kazi yake ni kucheka, kisha akasema, "Fundi, wenye miili mizuri wana jim zao za vioo. Mimi namtaka yule anayezunguka chini hapo kwenye duka la rangi mara tatu akiogopa kupanda ngazi. Nimpandishe kwa nini, kwa vyuma? Nampandisha kwa donati." Ni maneno ya mtu anayeuza. Lakini nimeyafikiria nikiwa kwenye cherehani, na nimekata suruali ya mtu fupi kwa kuyafikiria.

Kiuno, 43.

Baba yako

*

Bwenini, 19 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini mafua ya Mama yameisha. Mimi ni mzima kuliko siku zote.

Kwanza, barua yako imekuja na doa. Liko pembeni, juu ya neno "vioo", ukubwa wa dole gumba. Nilitaka kuamini kwamba ni mafuta ya cherehani, lakini nimelinusa. Mafuta ya cherehani hayana harufu ya mdalasini. Sitauliza swali. Nakudharau kidogo na nakupenda sana.

Pili, TUMESHINDA! Nilisimama, karatasi ikipiga kelele mkononi kama jani. Dakika ya kwanza sikusikia hata nilichosema. Kisha nikafika kwenye vipimo. Nikasoma: mwalimu wa hesabu, 36, na baada ya miezi saba ya jim, 39. Nikainua macho, nikasema, "Huenda anajifunza kujumlisha." Baba, ukumbi mzima uliangua kicheko! Wale wasichana ambao hawajui hata jina langu walikuwa wakipiga meza. Nikasoma wa pili, wakacheka. Wa tatu, mwalimu wa klabu mwenyewe alivua miwani akajifuta macho. Upande wa pili walisimama kusema kwamba watu wanahitaji kufurahi, lakini nani aliwasikiliza?

Nilipoona hoja ina nguvu hivyo, sikutaka ifie darasani. Nimeinakili safi, kurasa mbili, na kumtumia meneja wako kwa posta. Nimeweka vipimo vyote vitatu ili asipate pa kukimbilia, na nimetia sahihi, "Binti wa fundi wa mkabala." Usiwe na wasiwasi. Sikutaja jina la mtu hata mmoja.

Binti yako mshindi,
Profesa

*

Kibandani, 4 Aprili

Profesa,

Leo sina salamu.

Barua yako ilifika kwa meneja. Hakukimbia. Aliibandika ukutani juu ya meza ya donati, na chini yake akaandika kwa kalamu nyekundu: TUNAPENDA VIUNO VYOTE. Ijumaa watu walipopanga foleni wakaanza kuisoma. Karani wa benki aliisoma kwa sauti, akicheka, mpaka alipofika kwake. "Karani wa benki, thelathini na nane hadi arobaini na..." Hapo watu wakaacha kutafuna. Hata mikanda ilisimama. Mtaani kwetu benki ni moja na karani ni mmoja. Duka la viatu ni moja. Hukutaja jina, Profesa? Hapa kazi ya mtu ndiyo jina lake. Umeishi hapa miaka kumi na sita na hilo hukuliona?

Akageuka akaniangalia. Nami nilikuwa nimesimama pale na donati mkononi. Ndiyo. Doa lile lilikuwa la donati.

"Fundi," akasema, "kumbe tepu yako ina mdomo?"

Mwenye duka la viatu akadakia, "Na chake mwenyewe mbona hakimo? Au tepu haikufika?"

Wakacheka. Si kicheko cha kufurahi. Mwalimu wa hesabu aliweka sahani mezani, akachukua mkoba, akashuka ngazi polepole. Nilisikia ngazi zote ishirini na mbili.

Kesho yake kabla ya saa sita walikuja kuchukua vitambaa vyao, hao watatu na wengine ambao hawakuandikwa popote. Kila mtu alijiuliza binti yangu ana namba gani nyingine. Kitambaa ambacho sijakikata nilikirudisha. Nilichokikata walikichukua vipandevipande. Mke wa karani alihesabu vipande mbele yangu, kana kwamba ningemwibia mkono wa shati.

Jim siendi tena. Usiniandikie kwa sasa.

Baba yako

*

Bwenini, 12 Aprili

Shikamoo Baba,

Najua umesema nisikuandikie. Naandika hivyohivyo. Je, hujambo? Na goti?

Nisamehe. Sikufikiri. Nililia mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu akauliza kama kuna msiba.

Lakini Baba, naomba useme ukweli na wewe. Namba zilikuwa za kweli. Mimi sikuzibandika ukutani, meneja ndiye aliyezibandika. Mtu wa namna gani anapokea hoja na kuifanya pambo la donati? Na wale waliokasirika, wamekasirishwa na nini hasa, na barua au na tepu? Kama meza ile isingekuwepo, kusingekuwa na cha kuandika. Bado nasema ni meza ya kipumbavu, na wanaoila ni wapumbavu, isipokuwa wewe.

Usiache mazoezi kwa sababu yangu. Juni haiko mbali.

Binti yako,
Profesa

*

Bwenini, 20 Mei

Shikamoo Baba,

Wiki tano na hujanijibu. Natumaini mko wazima. Mimi ni mzima wa mwili.

Naandika kukwambia kwamba barua yangu ya Aprili haikuwa ya kuomba msamaha. Ilikuwa mdahalo mwingine. Nilipoinakili kwenye daftari langu, maana huwa nanakili barua zangu, niliona nimeomba msamaha mstari mmoja na kujitetea mistari saba.

Klabu imenipa kikombe. Kiko chini ya kitanda, ndani ya ndoo. Kila nikisinzia nasikia kile kicheko cha ukumbini, na kila mara ananijia mwalimu wa hesabu akishuka ngazi. Alihamia mtaani nikiwa tayari bwenini, simjui hata sura. Nilifanya mzaha juu ya mtu nisiyemjua sura, Baba, kwa sababu ilikuwa mara yangu ya kwanza kuchekewa vizuri.

Nimemwandikia Mama kumuuliza habari zako. Amejibu kwa mstari mmoja: "Baba yako jioni hakai nyumbani. Anatembea." Anatembea wapi, kwa goti lile?

Binti yako

*

Kibandani, 24 Juni

Kwako Profesa,

Marahaba, mwanangu. Barua zako zote mbili nilizipata. Ile ya Aprili niliisoma nikairudisha ndani ya bahasha. Ile ya Mei nimeisoma hadi mikunjo imechanika.

Ulitaka kujua natembea wapi. Daftari langu lina watu sitini na mmoja. Niliamua niende kwa kila mmoja, nyumbani kwake, kwa miguu. Radhi haitumwi kwa pikipiki. Nilichukua fimbo ya babu yako, na kila nikifunga kibanda nilikwenda, mlango mmoja au miwili kwa jioni. Wengine walinionea huruma wakanipa kiti. Karani wa benki alinifungulia mlango mara ya nne. Mara tatu za kwanza nilimsikia mwenyewe ndani akimwambia mtoto aseme hayupo. Mwenye duka la viatu alifungua mara ya kwanza, tena kwa furaha. Alinivua tepu shingoni, akanipima kiuno mbele ya mkewe na wanawe wote, akatangaza namba kama mtu wa mnadani. "Arobaini na mbili! Nani anaongeza?" Kisha akanirudishia kitambaa chake cha suti. Nilistahili.

Mwalimu wa hesabu nilimwacha wa mwisho kwa woga. Alinikaribisha chai. Aliniambia jambo, na amenipa ruhusa nikuambie wewe tu. Tangu Septemba anameza vidonge vya ugonjwa wake, na vidonge hivyo vinamvimbisha. Donati hata hali, sahani yake ilikuwa ya kushikia tu. Alikuwa anakuja Ijumaa kwa sababu ndiyo siku pekee wale watu wanapovua vidude masikioni na kuongea. Ulisema anajifunza kujumlisha. Aliisoma hiyo pia, Profesa, uliiweka kwenye nakala.

Na mimi nikwambie langu. Mtu wa kwanza kuniitikia salamu mle ndani alikuwa ameshika donati. Wiki ya tatu niliacha maji, nikawa nakula moja kila Ijumaa, nikisimama na watu na kusikia ya ulimwengu. Siku nyingine nilikuwa napanda ngazi zile kwa ajili ya Ijumaa. Hilo halimfanyi meneja kuwa mtu mwema. Aliyebandika karatasi ile ukutani ni yeye, na mtu anayekugawia donati kisha akaufanya mwili wako tangazo hafai kukabidhiwa hata mwavuli. Lakini wewe ulimpa gundi.

Jumatatu nilipanda mizani ya daktari. Kilo kumi na moja zimetoka. Alinigombeza kwa kutembea na goti lile, kisha akaandika tarehe: nane Julai wananipasua. Akauliza nilikuwa jim gani. Nikamwambia, "Jim ya aibu, daktari. Ina milango sitini na moja na haina meza ya Ijumaa." Alidhani natania.

Limebaki jambo la sketi.

Kitambaa kile hakisinyai. Nilikichagua mwenyewe, hata ukikichemsha na maharage kitatoka kilivyoingia. Niliachia mishono yote miwili ili ipanuke, inchi mbili na nusu. Mfukoni nilikuta makombo na karatasi tatu za keki, zimekunjwa ndogondogo kama barua za siri. Nilikung'uta mfuko, nikapiga pasi, nikafunga kifurushi. Mama yako aliuliza sketi ina nini, nikamwambia zipu. Ulipoandika kwamba ni sabuni, nikakuachia na sabuni yako. Mtu asiyeweza kuipita meza ana haja ya akili, uliandika, na barua hiyo niliisoma nikiwa nayajua makombo yako. Sikumwambia mtu, Profesa. Hata wewe sikukuambia.

Fundi hasemi kiuno.

Baba yako

*

Bwenini, 30 Juni

Shikamoo Baba,

Salamu kwako na kwa Mama. Namshukuru Mungu kwa tarehe nane.

Barua yako niliifungua kitandani. Kitabu kilikuwa magotini na keki ilikuwa mkononi. Keki sikuimaliza. Ninakula nikisoma, Baba, kwa sababu mapumziko ya saa nne wengine wanakwenda uwanjani wawiliwawili, na mimi nakwenda dukani kisha maktabani. Sijawahi kumwambia mtu.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi. Nakuomba umpelekee meneja aibandike palepale alipobandika ile nyingine. Nimeandika hivi: "Binti wa fundi, mzungumzaji mkuu. Mwaka jana 28, sasa 31. Jim: hana. Meza: kila siku, peke yake." Nimejipima kwa kamba ya neti ya mbu na rula.

Kwa mwalimu wa hesabu nimeandika barua ya pekee. Haina utetezi hata mstari mmoja, nimehesabu. Tafadhali umfikishie, kama atakubali kuipokea.

Binti yako

*

Hospitali, wodi ya pili, 15 Julai

Kwako Profesa wangu,

Marahaba, mama. Mimi mzima, ila kipande kimoja kimeshonwa upya. Kazi ya daktari nimeikagua. Mishono imenyooka, lakini mwishoni amefunga fundo kubwa mno, na nimemwambia.

Ijumaa walikuja kunitazama, mwalimu wa hesabu na karani wa benki. Karani alibeba sanduku la donati kutoka kwa meneja, eti la shukrani. Wagonjwa wote wodini waliinua vichwa. Nesi akalitwaa mlangoni. "Hapa ni hospitali, si jim," akasema. Sijacheka hivyo tangu Aprili, mpaka uzi wa daktari ukavuta. Meza yao bado ipo, na foleni bado ipo. Waamue wenyewe. Mimi nikipona nitapanda ngazi Jumatatu na Jumatano, na Ijumaa nitawangojea chini kwenye duka la rangi, tutembee.

Barua yako mwalimu ameipokea. Aliisoma hapa hapa, ameketi kwenye kile kiti, akaiweka ndani ya mkoba. Hakuniambia imesema nini, nami sikuuliza.

Ile karatasi ya meneja sikuipeleka. Nimeichana vipande vinne. Namba nimeiandika kwenye daftari, ukurasa wa sitini na mbili, nikalifunga kwa lastiki.

Ila umekosea nusu inchi. Kamba ya neti huvutika. Ukija likizo nitakupima mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa.

Baba yako